Athari ya Mpemba: saa isimamishwe lini?

Swali la Erasto Mpemba, kwa nini maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya ya baridi, limepitisha miaka 60 na bado linajibiwa vibaya na pande zote mbili. Wapo wanaotamka bila kusita kwamba maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi, maana kijana wa shule alishalionyesha na jina lake likaingia vitabuni. Wapo wanaosema haiwezekani, maana maji ya moto ni lazima kwanza yawe ya baridi ndipo yagande. Wa kwanza wamekariri tokeo wakasahau masharti yake. Wa pili wamekariri kanuni wakasahau masharti yake. Na wote wameruka swali dogo ambalo bila hilo hakuna mshindi wa kutangazwa: saa inasimamishwa lini?

Tuanze na tukio lenyewe. Mwaka 1963 Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba katika Tanganyika, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia kwenye friza. Nafasi ya friza ilikuwa ya kugombaniwa. Mwenzake mmoja akaona aruke hatua ya kuchemsha, akachanganya sukari na maziwa ya baridi na kuyaweka. Mpemba, kwa kuhofia kukosa nafasi, akaweka ya kwake yakiwa bado moto. Saa moja na nusu baadaye ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake yalikuwa bado majimaji mazito. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa huko Iringa, mwalimu mwingine alimjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu.

Kisha alikuja Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akamuuliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja kikiwa nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, kile kilichoanza na nyuzi 100 huganda kwanza, kwa nini? Wenzake wakacheka. Lakini liangalieni swali lenyewe lilivyoundwa: vyombo sawa, ujazo sawa, joto mbili zilizotajwa kwa tarakimu. Wengi wanaolisimulia leo hawalisimulii kwa umakini huo.

Osborne aliporudi Dar es Salaam alimpa fundi wa maabara kazi ya kulijaribu. Fundi akaja na taarifa kwamba maji yaliyoanza ya moto kweli yaliganda kwanza, ila wangeendelea kurudia jaribio hadi wapate jibu sahihi. Watu husimulia kisa hicho kwa kumcheka fundi. Mimi naona alikuwa nusu sahihi. Kurudia ni lazima. Kosa lake lilikuwa kuamua jibu kabla ya kurudia, na kosa hilohilo hufanywa na anayerudia mara tatu kwa shauku ya kumpa Mpemba ushindi.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha kwa pamoja katika jarida la Physics Education. Vipimo vyao vilikuwa vya wazi: mililita 70 za maji katika bika (vikombe vya maabara) za mililita 100, zikiwa juu ya kipande cha polistirini (povu jepesi linalozuia joto) ndani ya sehemu ya kugandishia ya jokofu la kawaida. Muda mrefu zaidi ulitokea kwa maji yaliyoanza na nyuzi kama 25. Ya moto zaidi ya hapo yalitumia muda mfupi zaidi. Muda gani huo? Muda hadi kuganda kulipoanza, si hadi maji yote yalipokuwa barafu. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala hii, na ndiyo inayopotea kila mara habari inapopita kutoka mdomo hadi mdomo. Mpemba mwenyewe, kwenye maziwa, alikuwa ametazama kitu kingine: hali ya vyombo viwili kwa dakika moja aliyofungua friza.

Jambo lenyewe halikuwa geni. Aristotle aliandika juu ya watu wa Ponto, pwani ya Bahari Nyeusi, waliomwagia maji ya moto matete yao ya uvuvi ili yagande upesi. Francis Bacon alilitaja mwaka 1620, na Descartes mwaka 1637. Kilichokuwa kipya mwaka 1969 ni mchoro wenye nambari.

Sasa tuwape haki wanaosema haiwezekani, maana hoja yao ina nguvu. Chukua gramu 100 za maji. Kuyashusha kwa nyuzi moja kunaondoa jouli 420 (jouli ni kipimo cha nishati). Yakiwa na nyuzi 20, kuyafikisha sifuri ni kilojouli 8.4. Kuyageuza yote kuwa barafu yakiwa palepale kwenye sifuri ni kilojouli 33.4 zaidi. Jumla 41.8. Yakianza na nyuzi 80, jumla inakuwa 67. Friza inatakiwa itoe joto zaidi kwa asilimia 60 kutoka kikombe cha moto.

Ni kweli kwamba kitu cha moto hupoteza joto kwa kasi zaidi, na wengi huishia hapo wakidhani wamepata maelezo. Hawajapata. Tuhesabu. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri, na kikombe kiwe cha aina ambayo kila saa moja ikipita, tofauti ya joto kati yake na friza hubaki asilimia 37 ya ilivyokuwa. Maji ya nyuzi 20 yatafika sifuri baada ya dakika 45. Ya nyuzi 80 yatafika baada ya saa 1 na dakika 42. Kutoka hapo vyote vinahitaji muda uleule, saa 4 na dakika 25, kugeuka barafu tupu. (Nimepuuza kwamba barafu inayojijenga pembezoni huzuia joto kutoka, inachelewesha vikombe vyote viwili.) Kikombe cha baridi kinamaliza kwa saa 5 na dakika 10, cha moto kwa saa 6 na dakika 7. Kasi ya mwanzo haikusaidia kitu: kikombe cha moto kilikimbia hadi kikafika pale mwenzake alipoanzia, kikiwa kimechelewa kwa dakika 57, na kutoka hapo hakina njia ya kuzifidia.

Hakina njia, endapo kikombe kilichofika nyuzi 20 kikitokea 80 ni sawa kwa kila hali na kikombe kilichoanza na nyuzi 20. Hilo ndilo sharti lililofichwa ndani ya hoja. Hoja inachukulia kwamba ukijua joto la kikombe, kwa tarakimu moja, umejua kila kitu kinachohitajika. Kila maelezo ya athari ya Mpemba yaliyowahi kutolewa ni jaribio la kuvunja sharti hilo: maji yamepungua, gesi imetoka, maji yanazunguka, mazingira yamebadilika, barafu inaanza mahali tofauti. Makosa ninayoyaona mara nyingi ni kuyataja yote kwa mstari mmoja kana kwamba yana uzito sawa. Hayana.

Uvukizaji ndio unaotajwa kwanza, na unapimika kirahisi. Kila gramu inayotoka kama mvuke huchukua takriban kilojouli 2.4. Hata kama kikombe chetu kingepoteza joto kwa mvuke peke yake kutoka nyuzi 80 hadi 20, kingepungua gramu 10 hivi, yaani asilimia 10. Kikombe chenye maji pungufu kwa asilimia 10 kinaokoa kama dakika 31 katika safari iliyobaki. Pengo ni dakika 57. Kwa kikombe halisi, ambacho joto lingine hutokea ubavuni na chini, uokoaji ni mdogo zaidi. Mvuke unaharakisha pia kupoa kwenyewe, kwa hiyo katika chombo kipana kilicho wazi, chenye kuta zisizopitisha joto, unaweza kukaribia kulingana. Katika kikombe chenye kifuniko hauna kazi. Osborne na Mpemba walipima upungufu huo wakaona hautoshi kueleza walichokiona.

Gesi iliyoyeyuka ndani ya maji huwapendeza watu kwa sababu inaonekana ya kitaalamu. Maji yaliyochemshwa yana hewa kidogo, kweli. Lakini ukichemsha maji yote kisha ukapoza nusu yake katika chombo kilichofungwa, gesi inaondoka kwenye mjadala, na Osborne na Mpemba walitumia maji yaliyochemshwa.

Mzunguko wa maji ndani ya kikombe ni jambo zito zaidi. Maji ya moto yana tabaka: juu moto, chini baridi zaidi, na mikondo inayoendelea hata wastani wa joto ukishuka. Sehemu ya juu ikibaki na joto kubwa kuliko wastani, inapoteza joto kwa kasi kuliko kikombe tulivu chenye wastani huohuo. Osborne na Mpemba waliweka utando wa mafuta juu ya maji, na kuganda kukachelewa kwa saa kadhaa; dalili kwamba joto lilikuwa likitoka zaidi kwa juu. Halafu kuna kituko cha maji chini ya nyuzi 4: juu ya kiwango hicho maji yanayopoa huzama, chini yake yanayopoa huelea. Ndiyo maana uso wa kikombe unaweza kuwa na barafu wakati sehemu ya chini bado inasoma nyuzi 4.

Mtuhumiwa mkuu wa friza ya kawaida, hata hivyo, hayumo ndani ya maji kabisa. Ni ule utando wa barafu nyeupe unaojijenga kwenye sakafu ya friza. Umejaa hewa, kwa hiyo hupitisha joto vibaya. Kikombe cha baridi hukaa juu yake kama juu ya godoro. Kikombe cha moto huuyeyusha, kinazama, maji yake yanaganda tena na kukibana kwenye bamba baridi. Turudi kwenye hesabu yetu: ili kikombe cha nyuzi 80 kimshinde mwenzake wa nyuzi 20 hadi mwisho wa safari, kinahitaji kupoteza joto kwa kasi ya asilimia 19 tu zaidi. Asilimia 19! Kugusa bamba vizuri kunaweza kuleta zaidi ya hapo. Kukaa karibu na feni au ukuta wa nyuma pia. Na kikombe cha moto kinaweza kuamsha kidhibiti joto cha friza, kompresa ikafanya kazi muda mrefu kuliko ambavyo ingefanya kwa kikombe cha baridi peke yake. Hapo vikombe vikijaribiwa kwa zamu, siku ya moto na siku ya baridi si friza moja tena.

Kwa maoni yangu, matokeo mengi ya jikoni yanayotangazwa kama athari ya Mpemba ni habari za sakafu ya friza. Hilo haliligusi jaribio la 1969, maana bika zilikuwa juu ya polistirini, zimetengwa na sakafu. Lakini polistirini hiyo ndiyo kitu cha kwanza ambacho warudiaji wa jaribio hukisahau.

Anabaki mtuhumiwa wa mwisho, ambaye ndiye anayevutia kuliko wote. Maji hayagandi kwa sababu tu yamefika sifuri. Yanahitaji mahali pa kuanzia: chembe ya vumbi, mkwaruzo kwenye ukuta wa chombo, kitu ambacho fuwele ya kwanza ya barafu itashika. Yakikosa, yanaendelea kushuka yakiwa majimaji, nyuzi 5 au 10 chini ya sifuri bila taabu. Matone madogo sana na safi hufika karibu nyuzi 38 chini. Kisha ghafla fuwele inazaliwa, barafu inatapakaa kwa sekunde chache, na kipimajoto kinaruka kupanda hadi sifuri. Kiwango ambacho hilo hutokea hutofautiana kati ya kikombe na kikombe vilivyotoka kiwanda kimoja.

James Brownridge, mtafiti wa Marekani, alichapisha mwaka 2011 majaribio yaliyolenga hapo. Aliona maji ya moto yakitangulia pale tu ambapo maji ya baridi yaliteremka chini ya sifuri bila kuganda, tena kiwango chake cha kuanza kuganda kikiwa chini ya kile cha maji ya moto kwa nyuzi kadhaa. Ukichagua sampuli mbili zenye viwango vilivyo mbali vya kutosha, unaweza kuamua mapema nani atashinda. Hiyo ni sifa ya uchafu na mikwaruzo ya chombo, si kumbukumbu ya moto iliyobaki ndani ya maji.

Na hapa ndipo swali la saa linapouma. Rudi kwenye vikombe vyetu. Kikombe cha baridi kiwe na kuta laini mno, kisigande hadi nyuzi 12 chini ya sifuri. Cha moto kiwe na mkwaruzo, kigande kikifika nyuzi 2 chini. Kikombe cha baridi kitaanza kuganda baada ya saa 1 na dakika 51. Cha moto kitaanza baada ya saa 1 na dakika 49. Cha moto kimeshinda, kwa dakika mbili! Lakini usifunge friza ukaondoka. Maji yaliyofika nyuzi 12 chini tayari yameshatoa joto hilo. Fuwele ikizaliwa, asilimia 15 ya kikombe inageuka barafu papo hapo. Ya kikombe cha moto ni asilimia 2.5 tu. Kikombe cha baridi kitakuwa barafu tupu kwa saa 5 na dakika 36, cha moto kwa saa 6 na dakika 7. Kilichoanza kwanza kimemaliza cha mwisho, kwa zaidi ya nusu saa.

Kwa hiyo vikombe vilevile, friza ileile, usiku uleule, vinatoa washindi wawili. Anayesimamisha saa fuwele ya kwanza inapoonekana ataandika kwamba Mpemba alikuwa sahihi. Anayesimamisha barafu inapokamilika ataandika kwamba alikosea. Na anayesimamisha kipimajoto kinaposoma sifuri, kabla ya barafu yoyote, atakuwa anapima kitu cha tatu kabisa.

Hao wa tatu wapo, na kazi yao ni muhimu. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, nchini Uingereza, walipima muda wa maji kufika nyuzi sifuri na wakapitia pia takwimu za wengine. Hawakuona ushahidi kwamba maji ya moto hufika mapema. Waliona vilevile kwamba kuhamisha kipimajoto kwa sentimita moja tu juu au chini ndani ya chombo kunaweza kuzaa athari ya Mpemba isiyokuwapo, kwa sababu ya zile tabaka. Vyombo vya habari vikatangaza kwamba Mpemba amekanushwa. Si hivyo, saa yao ilisimama kabla ya hatua ambayo Osborne na Mpemba waliipima. Lakini onyo lao kuhusu kipimajoto linaangusha majaribio mengi ya awali, na ningependa kila mwalimu wa fizikia alijue.

Miaka minne kabla yao, mwaka 2012, Royal Society of Chemistry ya Uingereza ilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora ya athari hii. Maelezo 22,000 yakamiminika. Aliyeshinda, Nikola Bregović wa Zagreb, Croatia, angalau alifanya vipimo vyake mwenyewe. Lakini lile rundo lingine ni somo tosha: kutoa zawadi kwa anayeeleza sababu, wakati bado hakuna makubaliano kuhusu ni kitu gani hasa kinachotokea, ni kuwaalika watu wabuni.

Kuna mahali ambapo swali la Mpemba limejibiwa kwa ndiyo isiyo na shaka, na si kwenye maji yanayoganda. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Canada, walitumia chembe moja ya silika (madini ya mchanga) yenye upana wa mikromita 1.5, yaani sehemu 1.5 za milioni ya mita, ikielea majini na kusukumwa kwa mwanga wa leza. Leza ilidhibitiwa ili chembe ijihisi iko ndani ya mabonde mawili yasiyolingana kina, na kati yake kilima. Maji yanayoizunguka hayakubadilika joto. Walichobadilisha ni mahali chembe ilipoanzia, wakirudia mara nyingi ili mtawanyiko wa mahali hapo ufanane na wa chembe ya moto au ya vuguvugu. Kwa mpangilio fulani wa mabonde, mtawanyiko ulioanza wa moto ulifika kwenye utulivu mapema kuliko ulioanza wa vuguvugu.

Sababu inaeleweka, nayo inavunja moja kwa moja lile sharti lililofichwa. Chembe ya vuguvugu mara nyingi hunaswa kwenye bonde lisilo sahihi, na kuvuka kilima huchukua muda. Chembe ya moto huanza imetawanyika eneo pana, na kama eneo hilo limepangwa vizuri, sehemu kubwa ya mtawanyiko huteremka moja kwa moja kwenye bonde sahihi, kwa uwiano uleule unaotakiwa mwishoni. Haipiti mahali alipo mwenzake wa vuguvugu. Wakati wa kupoa, mfumo huo hauna joto moja linaloueleza wote, hivyo hakuna kituo cha nyuzi 20 ambacho kila msafiri lazima akanyage. Mwaka 2024 kundi la Innsbruck, Austria, liliripoti athari iliyo jamaa yake kwenye msururu wa ioni (atomi zenye chaji) zilizonaswa, ambako kinachopimwa si joto bali mfumo unavyorudisha ulinganifu uliovunjwa. Jina la Mpemba limeshaenda mbali na maziwa.

Mtu akitaka kulijaribu kwa maji, na ninamhimiza, hivi ndivyo ningelipanga.

Pata vikombe viwili vyembamba vya plastiki au chuma. Kioo chenye maji ya moto kinaweza kupasuka kikigusa bamba la baridi. Viwekee alama A na B. Chemsha maji yote kwa pamoja dakika 10, kisha poza sehemu moja katika chombo kilichofungwa hadi nyuzi 20, na nyingine iache ishuke hadi 80. Usitumie nyuzi 100: mvuke unaotoka wakati wa kumimina peke yake unaharibu usawa. Pima gramu 100 kwa mizani ya kusoma gramu 0.1 baada ya kumimina, si kabla. Acha nafasi juu, maana barafu huvimba kwa asilimia 9 hivi.

Yeyusha utando wote wa barafu kwenye friza, ikaushe, iache irudi kwenye baridi yake kwa saa 12. Tandika kipande cha polistirini cha sentimita mbili au mbao kavu, na weka vikombe juu yake umbali sawa kutoka ukutani na kutoka kwenye feni. Hapa kuna uamuzi usio na jibu safi. Ukiviweka pamoja, cha moto kinampasha mwenzake joto na unampendelea wa moto. Ukiviweka kwa zamu, friza yenyewe inabadilika kati ya zamu moja na nyingine. Mimi ningefanya nusu ya majaribio kwa njia moja na nusu kwa nyingine, kisha nione kama matokeo yanatofautiana. Yakitofautiana, unachopima ni friza.

Kihisio cha joto nacho si mtazamaji asiye na hatia. Kikizama ndani ya maji, waya wake hupitisha joto na uso wake unaweza kuwa ndiyo mahali fuwele inapozaliwa. Kibandike nje ya ukuta wa kikombe, katikati ya kimo cha maji, kiwe urefu uleule kwa A na B, na ukifunike kwa kipande kidogo cha povu kisisome hewa ya friza. Andika joto kila sekunde 30 bila kufungua mlango. Ukiuchora mstari wake, nyakati zote tatu zitajitokeza zenyewe: mstari unapokata sifuri, unaporuka juu kurudi karibu na sifuri, ambapo fuwele imezaliwa, na unapoanza kushuka tena baada ya kukaa sifuri muda mrefu, ambapo barafu imekamilika. Kwa kihisio cha nje mruko huo huonekana mdogo na mshuko wa mwisho hujikunja taratibu badala ya kukata kona, kwa hiyo amua kabla ya kuanza ni alama ipi ya mstari utakayoihesabu. Mwishoni pima uzito tena ujue mvuke uliondoka na kiasi gani.

Rusha sarafu kila mara kuamua kikombe kipi kitabeba maji ya moto na kitakaa upande upi. Kama A hutangulia bila kujali kimebeba nini, umegundua mkwaruzo ndani ya A, si tabia ya maji. Baada ya hapo rudia mfululizo wote ukiwa umefunika vikombe kwa karatasi ya plastiki. Athari ikitoweka, mvuke ulikuwa na kazi. Ikibaki, mvuke ufutwe kwenye orodha. Wenye subira wanaweza kufunga maji kabisa ndani ya mirija miwili na kubadilishana joto za kuanzia kati ya mirija hiyohiyo mara nyingi, ili vumbi na mikwaruzo visibadilike kamwe.

Na usiache kuhesabu bahati. Katika majaribio 40, kikombe cha moto kikitangulia mara 23 huna cha kutangaza: sarafu ya kawaida hufikisha 23 au zaidi takriban mara moja katika kila mifululizo mitano. Ikifika 28, bahati peke yake hufikisha hapo chini ya mara moja kati ya mia, na hapo ndipo inapofaa kuanza kuuliza sababu, kwa kila moja ya zile nyakati tatu peke yake.